Milimita 150: nilivyojifunza kubadilisha oili ya shokapu za mbele

Kwa miaka sita nilibadilisha oili ya injini kila kilomita zake zilipofika, nikasafisha kabureta, nikakaza mnyororo, nikaweka pedi mpya za breki, na sikuwahi hata mara moja kuuliza kilichomo ndani ya shokapu za mbele. Pikipiki yenyewe ni ya 1984, silinda moja. Kabla haijawa yangu ilikuwa ya mjomba, na mjomba naye aliinunua ikiwa imeshatumika. Hakuna aliyejua oili ile iliingia lini. Inawezekana kabisa ilikuwa ni ile ile ya kiwandani.

Kilichonifumbua macho ni pikipiki ya mwenzangu, ya rika moja na yangu, niliyoiendesha kwa dakika kumi tu. Niliposhika breki ya mbele ilishuka kidogo, ikatulia. Yangu ilikuwa ikiinama mpaka mwisho, inagonga “tak”, na nikiachia breki inaruka juu na kunesanesa mara mbili tatu kabla haijatulia. Nilishazoea. Nilidhani pikipiki za zamani ndivyo zilivyo. Kumbe mwili wangu ulikuwa umejifunza kuficha ugonjwa: nashika breki mapema na kwa kubembeleza, napunguza mwendo kwenye kona yenye mabonde kuliko inavyohitajika, na mikono inakaza usukani bila mimi kuiambia. Uchakavu wa aina hii hauji kwa kishindo. Kila wiki unachukua kidogo, na dereva anajirekebisha kidogo, mpaka siku anapopanda pikipiki nyingine ndipo anapojua amekuwa akiendesha nini.

Kipimo cha kwanza nilichofundishwa hakihitaji spana. Simama kando ya pikipiki, shika breki ya mbele kwa nguvu, sukuma usukani chini kwa uzito wako wote, kisha legeza mikono. Mbele inatakiwa ipande mara moja na isimame pale. Ikipanda, ikashuka, ikapanda tena, basi springi inacheza peke yake na hakuna kinachoituliza. Yangu ilicheza mara tatu.

Ni vizuri kueleza kinachotokea mle ndani, kwa sababu makosa yangu yote yalitokana na kutokujua. Kila shokapu ina vipande viwili vikubwa: bomba la kromu lililoshikwa juu na vibano viwili vya usukani, na mguu wa alumini ulioshika ekseli ya tairi. Bomba linaingia ndani ya mguu na kuteleza. Ndani ya bomba kuna springi ndefu, na chini ya springi kuna fimbo nyembamba iliyo wazi katikati, imefungwa kwa bolti kwenye kitako cha mguu. Fimbo hiyo ina matundu machache madogo. Tairi likipanda kwenye jiwe, oili inalazimishwa kupita kwenye matundu, na kwa kuwa ni membamba inapita kwa shida. Shida hiyo ndiyo inayokula nguvu ya mshtuko na kuigeuza kuwa joto. Tairi likishuka, oili inarudi kwa njia nyingine iliyo finyu zaidi, ili springi isirudi kama manati. Springi inabeba uzito wako. Oili inaiambia springi iende kwa mwendo gani. Wazo la kutuliza shokapu za aina hii kwa oili lina umri mkubwa: BMW waliliweka kwenye pikipiki zao za kuuza tangu 1935, kwenye R12, na muundo wa fimbo yenye matundu ukaja kutawala pikipiki za kawaida kwa miongo mingi. Ni kitu rahisi, na urahisi wake ndio unaofanya mtu wa kawaida aweze kukihudumia nyumbani.

Lakini oili hiyo haina chujio. Bushi, zile pete zinazoliongoza bomba linapoteleza, zinasuguana nalo, springi inasugua ukuta wa ndani, na unga wa chuma na alumini hauna pa kwenda. Unyevu unaingia kidogo kidogo. Oili yenyewe inakatwakatwa na matundu yale kwa maelfu ya mara mpaka inakuwa nyepesi kama maji. Niliyoitoa mimi ilikuwa ya kijivu, inang’aa kwa vumbi la alumini, na ilinuka kama samaki aliyeoza. Harufu ile ilikaa kwenye mikono yangu siku mbili.

Sasa nisimulie kosa.

Kitabu cha pikipiki hii kinataja ujazo wa aina mbili kwa kila shokapu: mililita 180 ukibadilisha oili tu, na 200 ukiifungua yote na kuikausha. Chini ya kila mguu wa alumini, kwa nyuma karibu na ekseli, kuna skrubu ndogo ya kumwagia. Pikipiki nyingi za enzi zile zinayo. Za miaka ya karibuni nyingi hazina. Nikaona kazi ni nyepesi: fungua skrubu, acha imwagike, funga, fungua juu, mimina 180, maliza. Skrubu ya kulia ilitoka vizuri. Nikapandisha na kushusha usukani mara kadhaa na oili chafu ikaruka nje yote. Ya kushoto iligoma. Ilikuwa imeshikana na alumini kwa kutu nyeupe, na bisibisi yangu haikulingana nayo vizuri, ikala kichwa. Nilipojitahidi sana ikalegea nusu mzunguko, oili ikawa inadondoka tone kwa tone kupitia uzi wake. Niliiacha usiku kucha. Asubuhi kopo lilikuwa na oili ya kutosha machoni pangu, nikaamini imetoka yote.

Haikuwa imetoka yote. Kitako cha shokapu ile kilikuwa na tope zito la kijivu, na juu ya tope oili ya zamani iliyobaki. Nikamimina 180 kulia, nikamimina 180 kushoto, nikajiona nimefuata kitabu neno kwa neno.

Siku za kwanza nilifurahi sana. Mbele ilitulia, kelele ya “tak” ikapotea. Kisha nikaanza kuhisi kitu kingine: kwenye shimo kubwa shokapu zilikuwa zinashuka vizuri hadi karibu na mwisho, halafu zinakuwa ngumu ghafla kama zimekutana na ukuta, na mshtuko unapanda hadi mabegani. Wiki ya tano niliona pete ya oili kwenye bomba la kushoto. Wiki ya sita nikashika breki na haikushika ilivyostahili. Nilishuka, nikaona oili imeteremka kando ya mguu wa alumini, ikapeperushwa na upepo mpaka kwenye diski na kalipa, ile inayobana pedi.

Hapa nataka niseme bila kuzunguka: oili ya shokapu ikifika kwenye breki, pikipiki hiyo haiendeshwi. Mimi niliisukuma kwa miguu. Pedi zilizonyonya oili hazisafishiki kwa kuzifuta na kitambaa. Nilizitupa, nikaosha diski kwa dawa ya kusafishia breki mara mbili, nikaweka pedi mpya.

Mjomba ndiye aliyenionyesha nilikosea wapi. Hakuniuliza nimetia oili kiasi gani. Aliniuliza: “Mjomba, ulipima imefika wapi?”

Nikamwambia nilimimina kama kitabu kilivyosema.

“Kitabu kinasema ulichomimina. Hakijui ulichokikuta ndani.”

Nikarudi kwenye kitabu. Chini ya ujazo kulikuwa na mstari mmoja niliouruka: kimo cha oili, milimita 150 kutoka ukingo wa juu wa bomba, springi ikiwa imetolewa na shokapu imeshushwa mpaka mwisho. Mstari ule ndio uliokuwa na maana kuliko yote.

Sababu yake ni hewa. Juu ya oili kuna hewa iliyofungiwa, haina pa kutokea. Shokapu ikishuka, hewa hiyo inabanwa, na hewa iliyobanwa ni springi ya pili. Ukiibana hadi nusu ya ujazo wake, shinikizo linakaribia kuwa maradufu. Sasa bomba la shokapu zangu ni la milimita 33 kwa nje, ndani ni kama 29. Kwenye bomba jembamba hivyo, mililita 20 tu za ziada zinapandisha oili kwa sentimita 3 nzima. Nilipokuja kuipima ile ya kushoto nilikuta oili ipo milimita 94 kutoka juu badala ya 150. Zaidi ya theluthi ya nafasi ya hewa ilikuwa imeliwa. Shokapu ikishuka karibu na mwisho, hewa ile kidogo ilikuwa inabanwa kupita kiasi, na kwa kuwa haiwezi kupasua chuma, ilisukuma penye udhaifu: kwenye sili, ile pete ya raba inayozuia oili isitoke kando ya bomba. Sili yenyewe ilikuwa imekauka kwa umri, siwezi kuilaumu oili peke yake. Ila sili kavu ingeweza kudumu miezi mingine mingi kama nisingeiongezea mzigo huo.

Na mtu asiogope upande mmoja tu. Ukiweka oili kidogo kuliko kimo, hewa inakuwa nyingi, shokapu inashuka hadi mwisho kwa urahisi, na oili ikipungua sana matundu ya fimbo yanavuta hewa badala ya oili. Hapo hata oili mpya haitulizi chochote.

Mara ya pili nilizitoa shokapu zote mbili kwenye pikipiki. Kazi inachukua siku nzima badala ya saa moja, na tangu hapo sijawahi kufanya vingine.

Nilianza kwa kuiweka pikipiki kwenye stendi ya katikati na jeki chini ya injini, kipande cha ubao katikati ya jeki na chuma, mpaka tairi la mbele likaelea. Kabla ya kushika spana nilitikisa pikipiki kulia na kushoto kwa nguvu niliyojua nitatumia kwenye spana. Kama itaanguka, ianguke kabla mikono haijawa chini yake. Kisha nikapima kwa rula bomba la kromu limechomoza kiasi gani juu ya kibano cha juu, nikaandika. Kwangu limelingana sawa na kibano, lakini kwenye pikipiki nyingine limechomoza milimita kadhaa, na hizo zinabadilisha jinsi usukani unavyogeuka.

Vizibo vya juu vinalegezwa shokapu zikiwa bado kwenye pikipiki. Ukishazitoa huna cha kuzishikilia nacho, na mtu akizibana kwenye jiriwa bila alumini laini anachubua kromu, na kromu iliyochubuka inakata sili mpya. Lakini kabla ya kugusa kizibo, legeza bolti ya kibano cha juu. Bolti hiyo inabana bomba mahali palepale penye uzi wa kizibo; wengi wanapigana na kizibo wakidhani kimeganda, kumbe kimebanwa kwa nje. Na kama pikipiki yako ina pua za kujazia hewa juu ya shokapu, kama pua ya tairi, jambo lililokuwa la kawaida mwanzoni mwa miaka ya 1980, toa hewa yote kwanza.

Springi ipo chini ya kizibo, imebanwa. Nalirudia jambo hili kwa kila anayeniuliza. Mizunguko ya mwisho ya kizibo inataka mkono mmoja uwe juu yake, kitambaa kati ya kiganja na chuma, uzito wa mwili ukikandamiza chini, na uso uwe pembeni. Usiinamishe kichwa juu ya shokapu kutazama uzi umebaki kiasi gani. Kizibo kikiachia peke yake kinaruka kwa nguvu ya kuvunja meno. Cha kwangu cha kwanza kilinikwaruza kiganja tu, kwa sababu mjomba alikuwa amenisimamia.

Kalipa niliifungua na kuifunga kwa waya kwenye fremu isining’inie kwa mpira wake wa breki, nikachomeka kipande cha ubao katikati ya pedi. Mtu akigusa mkono wa breki kwa bahati mbaya wakati diski haipo, pistoni zinatoka na una kazi ya pili ambayo hukuipanga.

Shokapu zikatoka. Springi nilizichomoa polepole, nikaziacha zichuruzike, na nikaweka alama ya uzi juu ya kila moja. Springi zangu zina mizunguko iliyokaribiana upande mmoja na iliyoachana upande mwingine, na zinatakiwa zirudi zilivyokuwa. Nilizipima urefu pia. Springi ya umri huu inaweza kuwa imelala, na kitabu kinatoa urefu wa mwisho unaokubalika. Zangu zilikuwa zimepungua milimita 4, bado ndani ya kiwango.

Kwa kuwa sili ya kushoto ilishakwenda, ilibidi niifungue shokapu mpaka bolti ya kitako, ile inayoshika fimbo ya ndani. Hapo ndipo watu wengi wanapokwama. Bolti iko ndani kabisa ya shimo chini ya mguu, inafunguliwa kwa spana ya pembe sita, na unapoizungusha fimbo nayo inazunguka. Unazungusha mpaka uchoke, haitoki. Mjomba alirudishia springi na kizibo, akaniambia nikandamize shokapu kifuani kwangu kwa nguvu zote ili springi ibane fimbo isizunguke, naye akaigutua bolti kwa mara moja, ghafla. Ya kushoto ilikubali. Ya kulia ilikataa, tukachonga ncha ya mpini wa ufagio, tukauingiza kutoka juu mpaka ukauma kichwa cha fimbo, tukagonga kidogo kwa nyundo, mmoja akashika mpini na mwingine akafungua. Chini ya bolti hiyo kuna washa ya shaba. Nunua mpya. Ukirudisha ya zamani, oili itadondoka chini na utafikiri ni sili.

Nilipozifungua ndipo nikaona tope. Vidole viwili vya uji wa kijivu kwenye kitako cha kushoto, mzito kiasi kwamba mafuta ya taa hayakuutoa mpaka nilipotumia brashi ndefu. Skrubu ya kumwagia isingeweza kutoa kitu kile hata ingefunguka. Nilikaa nikalitazama tope lile muda mrefu. Ilikuwa ni miaka yote ya shokapu ile, imekaa chini, na mimi nilikuwa nimemwagia oili safi juu yake.

Kuhusu sili nitaeleza mawili tu. La kwanza, kabla ya kuvisha sili mpya pitisha kucha juu ya bomba la kromu, urefu wote ambao sili inapita. Kucha ikikwama kwenye kishimo cha kutu, sili mpya haitadumu. Vishimo vyangu viwili vilikuwa vidogo; nilivilainisha kwa msasa wa maji namba 2000, kwa kuzungusha na si kwa kupandisha na kushusha, mpaka kucha ikapita. La pili, ukingo wa bomba ni mkali. Funika kwa mfuko wa plastiki mwembamba, paka oili ya shokapu, ndipo uteremshe sili. Kisha igonge ikae kwenye nyumba yake kwa kitu kinachoigusa pande zote kwa usawa, sili ya zamani ikiwekwa juu kama kinga. Na kama shokapu yako inavuja kidogo tu, kabla hujanunua chochote nyanyua raba ya vumbi uangalie. Mara nyingi chembe moja ya mchanga imekwama chini ya mdomo wa sili. Kipande chembamba cha plastiki laini, kikizungushwa kwa uangalifu kati ya bomba na mdomo ule, kinaweza kuitoa na uvujaji ukakoma.

Oili gani? Mjomba zamani alikuwa anatia oili ya injini, 20W-50, kwa sababu mbele ilikuwa laini na yeye alitaka iwe ngumu. Ninaelewa kwa nini, lakini sikubaliani nayo, na nilimwambia. Oili nzito haiongezi nguvu ya springi. Springi ikilala, mbele itaendelea kukaa chini hata ukitia grisi. Kinachoongezeka ni ukaidi wa matundu, na matundu ya aina hii yana tabia mbaya: mwendo wa oili ukiongezeka mara mbili, upinzani unaongezeka kama mara nne. Kwenye breki ya polepole utaona raha, ila kwenye jiwe kali oili nzito haina muda wa kupita, na mshtuko unakuja wote kwenye mikono. Na kwenye mabonde yanayofuatana shokapu haipati nafasi ya kurudi juu kabla ya bonde linalofuata, inashuka zaidi na zaidi mpaka tairi linaanza kuruka ardhi badala ya kuifuata.

Kitabu changu kinataka 10W, nikaweka 10W. Lakini namba hiyo nayo si ya kuaminiwa peke yake. Watengenezaji wa oili za shokapu hawapimi kwa mizani moja. 10W ya huyu inaweza kuwa nzito dhahiri kuliko 10W ya yule. Namba inayolinganishika ni ya sentistoki, kipimo cha jinsi oili ilivyo nzito, kwenye nyuzi joto 40, inayopatikana kwenye maelezo ya kiufundi ya oili yenyewe. Niliiandika ya kopo langu, ili siku kopo hilo lisipopatikana nijue nitafute nini. Vitabu vingine vya pikipiki za miaka ile vinataja oili ya gia otomatiki, na hilo si kosa la uchapaji. Ni nyepesi, ni safi, na shokapu hizo zilipangiwa hiyo.

Kisha ikaja sehemu ninayoipenda. Shokapu imesimama wima, springi haimo, bomba limeshuka mpaka mwisho. Nilimimina mililita 190 tu mwanzoni, kisha nikalipandisha na kulishusha bomba polepole mara kumi na tano hivi. Mwanzo unasikia kama koo linalomeza hewa, halafu sauti inakwisha, na mkono unahisi upinzani ulio sawa kwenda na kurudi. Hapo hewa iliyokuwa chini ya fimbo imetoka. Ukipima kabla ya hapo, unapima uongo: oili itashuka yenyewe baadaye. Niliiacha dakika kumi povu litulie.

Chombo cha kupimia nilikitengeneza mwenyewe: bomba kubwa la sindano, mrija mwembamba wa chuma, na kipande cha mpira kilichobana mrija milimita 150 kutoka ncha. Unaongeza oili kupita kiasi kidogo, unasimamisha mrija ndani huku mpira umekaa kwenye ukingo wa bomba, unavuta. Oili inapanda kwenye sindano mpaka inafika kimo, halafu inavuta hewa tu. Imebaki milimita 150 kamili. Unahamia ya pili, huugusi mpira, unavuta tena. Zote mbili zinakuwa sawa bila wewe kusoma rula. Cha ajabu, kulia ilikula mililita 201 na kushoto 197, na zote zimesimama kwenye kimo kilekile.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa, isipokuwa jambo moja. Ukikaza kila kitu tairi likiwa hewani, miguu miwili inaweza isiwe sambamba, na shokapu mpya kabisa zikawa nzito kama zimejaa mchanga. Nilikaza ekseli kwanza, nikaacha bolti inayobana ekseli kwenye mguu ikiwa imelegea, nikaishusha pikipiki, nikashika breki na kukandamiza mbele mara sita saba ili miguu itafute njia yake, ndipo nikakaza bolti hiyo. Halafu nikapiga mkono wa breki mpaka ukawa mgumu, kabla ya kusogea hata hatua moja.

Nilirudia kipimo cha kusukuma usukani. Ulishuka, ukapanda, ukasimama. Barabarani kilichonishangaza zaidi ni ukimya. Nilikuja kugundua kwamba kwa miaka nilikuwa nikiendesha nikisubiri ule mgongano wa chini, na sasa mwili ulikuwa unausubiri na hauji. Ilinichukua wiki nzima kuacha kukaza mikono.

Ndani ya kifuniko cha ubavuni nimebandika karatasi: tarehe, kilomita, 10W na sentistoki zake, 150, mizunguko iliyobana ipo juu. Baada ya miaka miwili nilifungua vizibo tena, nikachomoa springi, nikashusha mbele mpaka mwisho, na kabla ya kumwaga chochote nikapima nilichokikuta. Kulia 151, kushoto 152. Oili ilikuwa ya rangi ya asali iliyokolea, na haikunuka kitu.